Maji ya Moto Ndani ya Mtutu

Wewe unayesoma, hebu sema kweli: umewahi kumwaga maji yanayochemka kwenye sinki bila kumwonya mtu? Umewahi. Tambi zimeiva, unamimina, mvuke unapanda, unarudi kwenye simu yako. Nani wa kuonywa ndani ya sinki la Barking, London, kwa Mungu? Panya wa council?

Miradie naye aliwaza hivyohivyo, tena yeye alikuwa na Master's ya Chemistry ya kumuunga mkono. Digrii hiyo, mpaka siku tunayoizungumzia, ilikuwa imemzalia kitu kimoja tu: barua pepe za *we regret to inform you*. Work coach wake, yule mshauri wa ofisi ya kutafutia watu kazi, kijana mwenye lanyard na pua inayong'aa, alimshauri aifute kabisa kwenye CV, asije akaonekana overqualified kwa kazi ya kupanga vitambaa vya hoteli. Aliifuta. Hata hivyo vitambaa wakamnyima.

Basi akaishi kwa Balbir. Mzee Balbir Singh alikuwa Mkenya wa Nakuru, fundi wa lifti aliyestaafu, amefiwa na mkewe, watoto wako Canada. Alimpa Miradie na bintiye Shekinah chumba cha juu kwa bei ya kindugu, kwa sharti moja: amsaidie kusafisha bunduki, maana baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole hadi akashindwa hata kufunga kifungo cha shati.

Usishtuke. London hii ina wazee wa namna hiyo wengi kuliko unavyodhani. Wanakusanya bunduki za vita vya zamani, zile ambazo majeshi yalizichoka yakaziuza, na Jumapili wanakwenda nazo nje ya mji, Surrey, na viti vyao vya kukunja na chupa za chai, kupiga shabaha. Kila kitu kwa leseni. Kabati la chuma limefungwa ukutani, funguo ziko shingoni mwa Balbir chini ya fulana, na Miradie haruhusiwi kugusa hata ukanda mzee akiwa hayupo mezani.

Na Balbir akikaa mezani, mdomo haufungwi.

"Beti, binti yangu, mtu akikuuliza anunue gani kwanza, mwambie Lee-Enfield Number Four. Bolti yake inateleza kama siagi. Ile ya Mswidi? Ile ni saa ya mkononi. Na hii Mosin ya Mrusi..." Aliiinua kwa shida. "Hii ni mpini wa jembe uliofundishwa kupiga kelele. Lakini naipenda. Mbaya na mwaminifu, kama mimi."

"Uncle, wewe si mwaminifu. Jana umekula samosa za Shekinah."

"Hizo zilikuwa surplus, ziada ya jeshi."

Mwezi wa Novemba ikaja mpya, kutoka mnada mmoja wa kaskazini. Mauser ya Ubelgiji, ya mwaka 1889. Balbir aliifungua kwenye blanketi kama mtu anayefungua mtoto mchanga. Bunduki hiyo ina ajabu moja: mtutu wake umevaa koti. Kuna bomba jembamba la bati limeuzunguka mtutu wote, na kati ya koti na mtutu kuna uwazi, mwembamba kama kucha, usiofikika kwa kitambaa wala brashi. Wenye bunduki hizo hulaani uwazi huo, kwa kuwa kutu hujificha humo na huwezi kujua kinachoendelea.

Miradie hakutazama koti. Alitazama kitako. Pale kwenye mbao mtu alikuwa amechonga nyota moja kwa kisu, nyota ya ile bendera ya zamani, Kongo ilipokuwa shamba la mfalme mmoja wa Ulaya.

"Uncle, unajua hii ilifanya kazi gani kwetu Kongo?"

"Chuma hakina makosa, beti. Babu yangu alibeba Enfield ya Mwingereza, akarudi na mguu mmoja. Sasa nichukie mbao?"

"Babu yako aliibeba. Babu zangu walielekezewa."

Balbir alipuliza vumbi kwenye nyota, polepole, kama anaomba radhi kwa pumzi.

Jumapili iliyofuata akaenda nayo Surrey. Alirudi mashavu mekundu, anacheka kama kijana. Alikuwa ameipigia risasi za zamani, zile ambazo fataki zake za kuwashia baruti zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Ukiziacha hivyo, kutu inaanza kula chuma kabla hujamaliza kusimulia ulivyolenga. Dawa yake kila mwenye kazi anaijua: mimina maji yanayochemka ndani ya mtutu, chumvi iyeyuke, chuma kipate joto kikauke chenyewe, kisha upake mafuta. Chemistry ya Form Two. Ndiyo kazi pekee London iliyowahi kumlipa Miradie kwa elimu yake.

Ilikuwa saa kumi alasiri na giza limeshaingia, kama inavyokuwa huku. Balbir kakaa na chai yake. Miradie akasimamisha Mauser ndani ya sinki, mdomo chini, akachomeka faneli juu, akainua birika na kumimina.

Maji yaliingia yakitokota. Yakatoka baridi.

Si vuguvugu. Baridi, kama ya mferejini. Akaweka kidole chini ya mdomo wa bunduki, akakitazama. Akamimina tena, yote. Na safari hii, kutoka ndani ya lile koti la bati, kikatoka kitu ambacho masikio yake yalikitambua kabla ya akili: *sss!* Ile pumzi anayovuta mtoto aliyegusa sufuria.

"Uncle. Umesikia?"

"Chuma kinapanuka."

"Chuma kinachopanuka hakivuti pumzi."

Kisha harufu. Nywele zinazoungua, nzito, ya kushika koo, ikajaa jikoni hadi Balbir akakohoa na kufungua dirisha. Katika ile haraka ya kukausha na kufungia, mafuta hawakupaka.

Walipogeuka, Shekinah alikuwa amesimama mlangoni na soksi moja. Ana miaka sita, Kiswahili anakielewa chote, lakini kukizungumza anakataa kama anavyokataa kabichi.

"Mummy, who's crying in the pipe?"

"Hakuna mtu, chérie. Ni maji."

Mtoto akatega sikio upande wa sinki, kwa adabu, kama anayesikiliza mtu mzima. "She says it's not water. She says it's her baby."

Tangu hapo nyumba haikutulia. Ukiwasha birika, mabomba yalianza kulia ukutani, kilio chembamba kilichopanda kadiri maji yalivyopata moto na kukatika birika lilipozimika, hata wakaacha chai, Balbir wa Nakuru akaacha chai! Harufu ya nywele ilihamia kwenye mapazia. Na kutoka ndani ya kabati, lililofungwa kwa funguo zilizokuwa shingoni mwa mzee, ilisikika bolti ikivutwa na kurudishwa: *kla-kla*. Kimya. *Kla-kla*. Kama mtu anayejaribu kitasa cha mlango wa chumba alichofungiwa.

"Ni panya," Balbir alisema.

"Panya mwenye leseni," Miradie alijibu, lakini hakucheka.

Halafu Shekinah akafunga mkono. Ule wa kulia. Aliukunja ngumi, akaupachika kwapani, akala kwa kushoto, akalala nao hivyo. Miradie alidhani ni mchezo hadi alipomkumbatia akahisi joto likipenya sweta. Alimfungua vidole kimoja kimoja, mtoto akilia bila sauti, na kiganja kizima kilikuwa malengelenge.

Daktari alisema ni maji ya moto. Alisema kwa upole sana, ule upole wa watu wa huku unaokutisha kuliko matusi. Akauliza nani alikuwa jikoni. Shule nayo ikapiga simu: *we have a duty*. Na social worker, ofisa wa ustawi wa watoto, akaweka miadi ya kuja Alhamisi. Hebu piga hesabu mwenyewe: mama hana kazi, mtoto ameungua na maelezo hakuna, na ndani ya nyumba kuna kabati la bunduki. Miradie aliijua hiyo hesabu. Alishaona jirani mmoja akifungasha nguo za mwanawe ndani ya mfuko wa bluu huku watu wawili wenye beji wakisubiri koridoni. Kwa hiyo alikuwa anavutwa pande mbili, kitu kinamtaka mtoto wake kutoka ndani ya bomba, na serikali inamtaka kutoka mlangoni, na yeye katikati ana mikono miwili tu.

Jumatano akambeba Shekinah, akapanda treni ya Overground hadi Tottenham, kwa mama yake.

Mama Euphrasie alikuwa ametoka kazini kwenye care home ya wazee, bado na uniform, miguu ndani ya beseni. Alisikiliza hadi mahali pa bunduki na maji, akainua kiganja.

"Miradie, usilete hiyo mambo hapa. Mi niliokoka."

"Mama, sijakuuliza kama umeokoka. Nakuuliza Koko alikuwa anasema nini."

Koko alikuwa mama yake Euphrasie, mwanamke wa Kasongo, wa zile familia za Waswahili wa Maniema, mashariki mwa Kongo. Miradie alimkumbuka kidogo tu: kikongwe anayesimama uani na sufuria ya maji ya moto, hamwagi, anasema kwanza maneno fulani hewani, anasubiri, ndipo anamwaga. Wajukuu walimcheka.

"Ile ilikuwa ujinga ya wazee," Euphrasie alisema haraka. "Pasta Lambert alisema ni milango ya giza. Tutaomba, alors. Tutafunga siku..."

"Alhamisi ni kesho, Mama. Kesho!"

"Usinipandishie sauti, weye."

Miradie aliuchukua mkono wa Shekinah, akaufungua mbele ya bibi yake. Euphrasie aliutazama. Yeye huosha wazee kila siku, anajua ngozi iliyoungua, na alichokiona kilimfanya atoe miguu kwenye beseni taratibu. Malengelenge yalikuwa yamepangika kiganjani kwa umbo la mkono mwingine, mdogo zaidi, mdogo kuliko wa mtoto yeyote aliyezaliwa, kana kwamba kuna mtu alikuwa amemshika Shekinah kwa nguvu na hajamwachia.

"Ee Yesu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, akaangalia mlango kama pasta angeweza kusikia kutoka kanisani kwake Seven Sisters: "Alikuwa anasema, *Wenyewe mlio humu, pisheni, maji yana moto.* Njo ilikuwa maneno ile tu. Wale wasioonekana, wanakaa kwenye mabomba, kwenye mashimo, kwenye kitu ya chuma yenye uwazi. Iko na watoto, kama sisi. Ukimwaga bila kusema..."

"Ukimwaga, dawa ni nini?"

"Yule alimwaga, njo yeye aombe radhi. Siyo mimi. Siyo pasta. Yule mwenyewe, palepale, na amtibu mtoto. Vaa koti, twende. Na pasta asijue!"

Ndani ya treni Shekinah alilala mapajani mwa bibi, na kioo cha dirisha, palipokuwa na ngumi yake, kilipiga ukungu wa duara.

Balbir alikataa. Alisimama mbele ya kabati na kilemba chake kimekaa upande. "Firearms licensing wakisikia nimetoa bunduki kufanyia uchawi, beti, wananyang'anya zote. Hizi ndizo nilizobaki nazo. Hizi na nyinyi wawili."

"Basi chagua, Uncle."

Nyuma ya mgongo wake, ndani ya chuma kilichofungwa: *kla-kla*.

Mzee alitoa funguo shingoni. Akafungua kabati.

Walizima taa kubwa, kwa sababu Euphrasie alisema Koko hakupenda mwanga mkali kwa mgonjwa, wakabaki na kile kibalbu cha juu ya jiko, na nje giza la alasiri lilikuwa limebana dirishani, na Miradie akaiweka Mauser ndani ya sinki, akasimama na jagi la maji baridi, na hakujua aanze na lugha gani, kwa kuwa kwa miaka kumi na tano alikuwa ameomba kila kitu katika nchi hii kwa Kiingereza, nyumba, kazi, makaratasi, huruma, na hakupewa.

"Wenyewe mlio humu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwaga."

Mabomba yalinyamaza. Friji lenyewe lilinyamaza.

"Hukubisha hodi," Shekinah akasema.

Alisema kwa Kiswahili. Mtoto aliyekikataa tangu nursery alikuwa amekaa juu ya kiti, miguu haifiki chini, anazungumza Kiswahili cha Kasongo, kile cha polepole cha wanawake wazee, chenye kuvuta mwisho wa neno, na Euphrasie alipokisikia alijishika mdomo kwa mikono yote miwili maana hiyo ilikuwa lafudhi ya mama yake.

"Sikujua kuna watu," Miradie akanong'ona.

"Hamjui kuna watu." Macho ya mtoto yalikuwa kwenye sinki. "Waliokuja na chuma hiki kwetu nao walisema hivyo. Walichoma, walikata, wakasema hatukujua kuna watu. Nikaingia humu na mwanangu, nikajua humu hawatatuona. Wakatuvusha maji. Wakatutundika ukutani, kwenye baridi. Nikasema basi, baridi nayo ni amani. Ukaja wewe, wa kwetu, na birika."

"Nisamehe."

"Mwanangu mkono unamwaka moto. Nami namshikilia wako, uone kulivyo."

Balbir alikuwa akiomba kwa Kipunjabi, midomo tu. Miradie akamimina yale maji baridi, kidogo kidogo, kama unavyomwagia mtoto aliyeungua, akiyapitisha juu ya koti la bati na kwenye ule uwazi wa kucha, na maji yaliyotoka mdomoni mwa bunduki yalitoka yakifuka mvuke, yanachemka, joto lote lililopotea siku ile likarudi ndani ya sinki na kumchoma vidole, lakini hakuacha, alimimina jagi baada ya jagi huku akilia hadi yakatoka baridi, kisha akapaka mafuta, yale mafuta waliyoyasahau, akayateremsha kwa unyoya ndani ya uwazi usiofikika kwa brashi, akaizungushia bunduki khanga safi aliyokuja nayo mama yake, akainyanyua kifuani, na ndani ya koti kitu kidogo kikahema, kikatulia.

"Umemtibu," ile sauti ikasema. "Kesho nani atamchoma?"

"Hakuna. Hakuna atakayekumwagia maji ya moto tena. Naapa."

"Unaapa kwa kitu gani?"

Na Miradie, kwa kuwa hakuwa na mali nyingine, akasema: "Kwa huyu wangu."

"Usiape na mtoto!" Euphrasie alipiga kelele, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Shekinah akafungua ngumi. Kiganja kilikuwa kitupu, laini. "Mummy," akasema, "I'm hungry."

Alhamisi social worker alikuja. Aliushika ule mkono, akaugeuza, akatazama picha za hospitali, akatazama mkono tena. Akaandika kwamba mtoto amepona vizuri. Halafu akainua macho, akaliona kabati, akaandika zaidi.

Baada ya wiki moja likaja van la polisi. Walikuwa wastaarabu, walivua hata viatu. Walichukua Enfield, Mswidi, Mosin, na Mauser iliyofungwa khanga, zote *pending review*, mpaka zikaguliwe. Balbir alisimama kwenye ngazi kama siku aliyozikwa mkewe. Miradie alimkimbilia ofisa kwa miguu mitupu hadi barabarani.

"Please. Hiyo yenye kitambaa. Msiioshe kwa maji ya moto. Whatever you do."

Yule akatabasamu. "We don't wash them, love. We just store them."

Khanga walimrudishia.

Balbir ameandika, amepiga simu, amesubiri kwenye mstari akisikiliza muziki. Anayejibu leo si yule wa jana. Mara bunduki zitarudishwa, mara zitapelekwa mnadani, mara zitatiwa kwenye tanuru ziyeyushwe. Tanuru! Miradie aliposikia neno hilo alikikumbuka kiapo chake, akamtazama Shekinah.

Na jana, saa kumi, giza limeingia, Shekinah alikuwa anachora mezani. Penseli ikaanguka. Alitazama mkono wake wa kulia, akaukunja taratibu, akaupachika kwapani, na akasema kwa Kiswahili:

"Mama, kuna mtu ameweka maji jikoni kwao. Bado hayajachemka."

Kwa hiyo ninyi mlionayo. Ninyi wenye store, wenye mnada, wenye tanuru, wenye muziki wa kusubirisha watu kwenye simu: zimeni birika. Sasa hivi, kabla hamjamaliza kusoma. Itafuteni Mauser yenye nyota kwenye kitako, msiiyeyushe, msiiuze, msiimwagie kitu. Irudisheni Kasongo, mkaiweke chini, muombe radhi kwa mdomo wenu wenyewe, maana mliosema hamkujua kuna watu ni ninyi. Na kama hiyo ni kubwa mno kwenu, basi mpigieni simu Miradie, aje aishike. Anapatikana saa yoyote. Hana kazi, mlihakikisha wenyewe.